Yoti ya mita 58 katika wiki ya magari Monaco: niliyokosea mimi

Januari 2023 nilikuwa likizoni nyumbani, Kibokoni, Mombasa, barua pepe ya nahodha ilipoingia. Mwezi wa Mei, alisema, tutakipeleka chombo Port Hercule, bandari ya Monaco, ile nchi ndogo iliyobanwa kati ya Ufaransa na bahari, kwa wiki ya mashindano ya magari ya Formula 1, na safari hii mpango wote wa bandari utaushika wewe. Nilikuwa afisa wa pili kwenye yoti, yaani chombo cha anasa, ya mita 58, huo ukiwa msimu wangu wa tatu katika kazi hii, baada ya miaka ya tagi, boti za kuvuta meli, pale Kilindini na mingine Dubai. Swali la kwanza nililomrudishia lilikuwa swali la mtu wa Mombasa: siku hiyo maji yanajaa saa ngapi? Akanijibu kwa neno moja: hayajai.

Na kweli hayajai. Kwetu, bamvua likikolea, maji hupanda zaidi ya mita 3, na mtu wa tagi hulala na jedwali la maji karibu na kitanda kama wengine wanavyolala na simu. Pwani ile ya Mediterania maji hupanda na kushuka kidogo mno, na mara nyingi upepo na mgandamizo wa hewa huyasukuma maji kuliko mwezi. Nikafurahi. Niliona nusu ya kazi imeniondokea, na nikaanza kupanga kwa moyo mwepesi kupita kiasi. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba bandarini mule vinavyojaa na kupwa ni vingine: nafasi za kufunga, barabara, matangi ya choo, na siku zilizobaki kwenye pasipoti za mabaharia. Navyo havina jedwali lililochapishwa.

Ninaandika haya kwa sababu vijana wengi wa kwetu sasa wanaingia kwenye yoti, kutoka Mombasa, Lamu, Tanga na Unguja, na siku moja mtapewa faili kama niliyopewa mimi.

Kwanza ijueni bandari yenyewe. Port Hercule ni ghuba ndogo, upande mmoja mwamba wenye kasri ya mwana wa mfalme anayeitawala Monaco, upande wa pili mtaa wa Monte Carlo. Zamani mawimbi ya mashariki yaliingia mpaka ndani. Mwaka 2002 wakaletewa ukuta wa zege wa mita 352, ambao ulijengwa Algeciras, Hispania, ukavutwa kwa tagi hadi Monaco na kufungwa mwisho mmoja nchi kavu kwa kiungo kikubwa cha chuma, mwisho wa pili ukishikwa na minyororo. Unaelea, maana sakafu ya bahari pale iko zaidi ya mita 50 chini na kujaza mawe kungekuwa wazimu. Mimi kama mtu wa tagi ukuta huo ulinivutia kuliko magari. Magari yenyewe hupita ukingoni mwa bandari: njia ya kilomita 3.337, mizunguko 78, barabara zilezile ambazo siku za kawaida hupita mabasi na akina mama wanaotoka sokoni. Kwa hiyo yoti iliyofunga Quai des États-Unis ina jukwaa lake la kutazamia, na ndiyo sababu watu hulipa fedha ambazo sitazitaja, kwa kuwa hazikuwa zangu.

Nafasi nahodha alikuwa ameiomba tangu vuli ya mwaka uliotangulia. Kazi yangu ya kwanza ikawa fomu: urefu, upana, kina cha chombo majini, tani, bendera, bima, umeme tunaohitaji. Nilifungua cheti cha usajili nikanakili. Upana: mita 10.9. Nikatuma, nikaenda kuswali Ijumaa.

Fomu hiyo ilinirudia mwezi wa Mei kama deni. Bandari za Mediterania hukufungisha kwa tezi, yaani kwa nyuma: unatia nanga mbili mbele, unarudi nyuma mpaka karibu na gati, unafunga kamba za tezi, na watu hushuka kwa pasarela, yaani ubao wa kukunjwa unaotoka nyuma ya chombo. Hapo kinachouzwa ni upana. Na upana wa chombo kilichofungwa hauishii kwenye bodi. Unahesabu na madapra, fenda kama tunavyoziita kazini, yale mapira makubwa yanayokaa kati yako na jirani. Tulipewa nafasi ya mita 12. Mita 12 kutoa 10.9 ni mita 1.1, na madapra yetu makubwa yalikuwa na kipenyo cha sentimita 90 kila moja. Fanya hesabu mwenyewe. Ukijaza fomu, andika upana wa chombo kikiwa kimevaa nguo zake zote, na useme wazi kwamba umejumlisha madapra, asije mtu mwingine akayajumlisha mara ya pili.

Kosa kubwa kuliko hilo lilikuwa la pasipoti, na hili nitakaa nalo kidogo, kwa sababu mpaka leo linanichoma.

Tarehe 27 Februari tulitua Italia watu watatu wa pasipoti zisizo za Ulaya: mimi, mkuu wa wahudumu ambaye ni mama wa Kifilipino, na kijana mmoja wa Tanga, baharia wa sitaha. Yoti ilikuwa chelezoni La Spezia, inapakwa rangi. Viza ya muda mfupi ya Schengen, lile kundi la nchi za Ulaya zenye mpaka mmoja wa nje, hukupa siku 90 ndani ya kila siku 180, na hesabu yake inakwenda kinyumenyume: siku yoyote uliyopo, unageuka kutazama siku 180 zilizopita na kujumlisha zote ulizolala Ulaya. Mwaka ule, baharia alipojiandikisha kwenye chombo kinachosafiri nje, kulikuwa na bandari ambako polisi wa mpaka walimgongea muhuri wa kutoka, na tangu hapo siku zake ziliacha kuhesabiwa. Kulikuwa na bandari ambako walikataa chombo kikiwa chelezoni, na hoja yao ilikuwa kwamba mtu analala Italia, hayuko baharini. Sisi tulikataliwa. Nami, mwenye kuzitunza pasipoti zote 14 kwenye sefu, nikasema moyoni kwamba tutalitazama tukikaribia kuondoka.

Jioni ya tarehe 3 Mei nilikaa kuandaa orodha ya mabaharia ya kutuma Monaco. Nikahesabu siku zangu: Februari siku 2, Machi 31, Aprili 30, jumla 63. Siku ya 90 ingeangukia 27 Mei, Jumamosi ya mashindano. Jasho likanitoka, lakini kulikuwa na nafasi ya kurekebisha. Kisha nikafungua pasipoti ya kijana wa Tanga na kukuta muhuri ambao sikuwahi kuutazama. Alikuwa Hispania kuanzia tarehe 10 hadi 31 Januari, kwa majaribio kwenye chombo kingine. Siku 22. Nikajumlisha mara tatu nikitumaini nimekosea. Siku yake ya mwisho ilikuwa tarehe 5 Mei. Keshokutwa.

Nilimkuta kwenye sitaha ya mbele anasugua mbao. Nilipomweleza alinyamaza, akatazama brashi, akasema, "Kaka, lakini si wewe unayezishika pasipoti?" Hakusema kwa ukali. Ingekuwa nafuu kama angefoka.

Tukamkatia tiketi ya Pisa hadi Dar es Salaam, euro 740 kwa sababu ni ya siku ya pili yake, na nahodha akaniuliza kama naona haki mmiliki ailipe. Nusu nililipa mimi. Fedha ilirudi, kilichonikaa ni kwamba kijana alikosa wiki ya bahashishi, ambayo kwa wengine wetu ilizidi mshahara wa mwezi, na kwamba mama yake alikuwa ameshaahidiwa mabati. Mimi na mkuu wa wahudumu tuliokolewa na wakala wa La Spezia, aliyekubaliana na polisi wa mpaka tugongewe muhuri wa kutoka siku chombo kitakapoondoka, tarehe 22. Ilihitaji orodha ya mabaharia, barua ya nahodha na uthibitisho wa nafasi ya Monaco, na jibu lilikuja siku nne kabla. Usichukulie kwamba kila bandari itakubali. Monaco si mwanachama wa Umoja wa Ulaya, lakini kwa mambo ya mpaka na forodha huhesabiwa pamoja na Ufaransa, kwa hiyo kukimbilia kule si kutoka. Kinachomsaidia baharia aliyegongewa muhuri wa kutoka ni kwamba anaruhusiwa kushuka na kutembea mji wa bandari na miji inayopakana nao.

Tangu siku ile nina daftari. Kila mtu ana ukurasa, kila muhuri una mstari wake, na hesabu hufanywa siku anayopanda.

Jambo la wageni ninajisifu kidogo kwamba tuliliwahi. Chombo chetu kilikuwa kimekodishwa kwa wiki ile, na mkodishaji, yaani mteja aliyekikodi, alitaka kualika watu 70 siku ya fainali. Yoti kama zetu haziruhusiwi kubeba abiria zaidi ya 12 zikiwa safarini. Kumi na tatu, na sheria inakuhesabu meli ya abiria, yenye vyeti vingine kabisa. Ukiwa umefungwa gatini injini zimezimwa, unaweza kupokea zaidi, lakini kwa ruhusa ya maandishi kutoka kwa mamlaka ya bendera yako, yaani nchi iliyokisajili chombo, na kwa bima yako. Tuliandika mwezi wa Machi. Majibu yalichukua wiki 6 na maswali yalikuwa ya maana: milango mingapi ya kutokea, nani anahesabu watu, moto ukizuka kwenye pasarela watatokea wapi. Pasarela yetu ilibeba kilo 300, yaani watu watatu, au wawili wakiwa wa uzito wa baba yangu. Tukaruhusiwa wageni 50 kwa wakati mmoja. Mkodishaji alinuna, nahodha akamwonyesha barua, yakaisha. Ombi kama hilo lipeleke kabla ya mialiko kuchapishwa. Mialiko ikishatoka, unageuka kuwa mtu mbaya mlangoni.

Tarehe 22 usiku tukang'oa nanga La Spezia. Ni maili za baharini zipatazo 105, hali ya bahari shwari, sina la kusimulia. Nafasi yetu ya kuingia ilikuwa Jumanne tarehe 23 saa 8 mchana, nasi saa 1 asubuhi tulikuwa tayari tunaiona Monaco. Niliharakisha bure. Nilikuwa nimeandika kwenye mpango, "tutatia nanga nje na kungoja," kama tunavyongoja nje ya Likoni mtu akiambiwa subiri.

Nahodha alinijia na kikombe cha kahawa, akauliza, "Utatia wapi?" Nikamwonyesha mahali penye mita 20 na ulinzi wa rasi, upande wa Ufaransa. "Chini kuna nini?" Sikujua. Chini kulikuwa na posidonia, nyasi za baharini za Mediterania, ambazo hukua polepole mno na nanga moja yaweza kung'oa kazi ya miaka mingi. Tangu 2019 mamlaka ya bahari ya Ufaransa iliyoko Toulon imetoa amri za kuzilinda, na vyombo vya mita 24 na zaidi vimekatazwa kutia nanga juu yake katika sehemu nyingi za pwani hiyo. Adhabu inaweza kufika euro 150,000 na kifungo cha mwaka mmoja. Kuna programu ya simu iitwayo Donia inayokuonyesha nyasi ziko wapi na mchanga uko wapi. Ipakueni kabla ya kufika, maana mimi niliipakua nikiwa nimesimama mbele ya nahodha na mtandao unazunguka. Mchanga wa kututosha haukuwepo karibu. Tukabaki tunaelea na kusogea taratibu kwa saa sita, injini zinakula mafuta, wageni 11 wa mkodishaji wanauliza kwa nini hatufiki.

Saa 7 na nusu nikaita bandari kwenye chaneli 12 ya VHF, redio ya baharini. Wakatujibu kwamba aliye mbele yetu amechelewa. Kila mtu amechelewa siku ile. Tamasha la filamu la Cannes lilikuwa limeanza tarehe 16 na lingeisha tarehe 27, kwa hiyo kuanzia Antibes hadi Monaco hakukuwa na upenyo hata wa kuchomeka mtumbwi, na kila chombo kilichotoka Cannes kilikuwa kinakuja huku.

Kuingia kwenyewe nitakusimulieni kwa ufupi, ingawa moyoni kulikuwa kurefu. Rubani wa bandari alipanda, tukageuza ndani ya bandari, sarangi, mkuu wa mabaharia wa sitaha, akiwa omo, yaani mbele, na nanga ya kulia, mimi tezini na redio naita umbali: mita 20, 15, 10. Yoti ya kushoto imeshafungwa, watu wake wamesimama na madapra ya mkononi na nyuso za mtu anayelinda gari jipya. Hapo ndipo mita 12 zilipojidhihirisha. Madapra yetu hayakupenya. Ilibidi tuyatoe upepo mawili, tutumie yale membamba, na tukubaliane na jirani kwamba upande ule madapra yatakuwa yake. Alikubali kwa tabasamu la meno tu. Tulifungika saa 10 alasiri. Sikuandika nanga zetu zilianguka wapi hasa. Niliandika saa tu, na kina. Likumbukeni hilo.

Umeme wa gatini haukutosha viyoyozi na jiko pamoja, kwa hiyo jenereta moja ilinguruma wiki nzima na jirani akazidi kutuchukia. Kwenye fomu niliandika tunachohitaji, sikuuliza watakachotupa.

Sasa barabara. Njia ya mashindano ndiyo njia ya lori. Ijumaa, Jumamosi na Jumapili mchana hufungwa, jioni hufunguliwa tena. Hili nililijua. Nilichokosea ni kuliamini neno la mleta bidhaa aliyesema gari lake lina kibali. Kibali kilikuwa cha kuingia mjini, gatini hakikumfikisha. Ijumaa tarehe 26 saa 4 asubuhi lori la barafu, samaki na maua lilisimama nyuma ya vizuizi vya chuma huku magari ya mazoezi yakipiga kelele zinazotikisa mbavu. Mpishi, Mtaliano mwenye moyo mzuri na mdomo mchafu, alinipa majina ambayo sikuyajua. Tukashusha boti ndogo tukaenda Cap-d'Ail, bandari ya Kifaransa iliyo jirani, lori likazunguka kutufuata, tukapakia makreti kwa mkono mara tatu. Maua yalifika yamelala. Samaki alisalimika. Kama nafasi yako iko nyuma ya vizuizi, panga mizigo iingie usiku, na kilicho kizito kipakie bandari uliyotoka. Tazama pia kalenda ya sikukuu za Kikristo: mwaka ule Alhamisi tarehe 18 ilikuwa ya Kupaa na Jumatatu tarehe 29 ya Pentekoste, na kwa Wafaransa malori makubwa hayatembei siku hizo. Mtu aliyezoea kuhesabu mwezi wa Idi husahau kwamba na wengine wana zao.

Kisha likaja la choo, ambalo jamaa zangu waliokuwa chomboni hawaachi kunitania. Ndani ya bandari humwagi kitu. Maji machafu yote hukaa tangini mpaka lije gari la kunyonya. Tangi letu lilikuwa la lita 12,000. Nilikuwa nimehesabu watu 26 kwa siku 6 na kubaki na akiba nzuri, nikaagiza gari la Jumatatu. Wageni wa mchana sikuwatia hesabuni, kana kwamba watu waliokuja kunywa shampeni kuanzia saa 5 hadi saa 12 jioni wangejizuia kwa heshima yangu. Jumamosi saa 7 mchana fundi mkuu akanijia na kuniambia kwa upole wa daktari: asilimia 92. Tukafunga vyoo vitatu, tukabandika karatasi nzuri yenye maandishi ya dhahabu, na kuwaelekeza wageni nchi kavu. Bibi mmoja wa nguo nyeupe alinitazama kwa muda mrefu sana. Gari lilikuja saa 3 usiku barabara ilipofunguliwa, kwa malipo ya dharura yaliyotoka kwenye fungu la gharama la mkodishaji. Fungu hilo hulipwa mapema, mara nyingi karibu asilimia 30 ya bei ya kukodi, na watu hudhani halina mwisho. La kwetu lilikwisha Jumamosi hiyohiyo. Kumwomba mtu aongeze fedha jioni ya siku aliyokatazwa choo si kazi ninayomtakia yeyote. Mpe hesabu kila asubuhi, hata kama hakuuliza.

Jumapili mvua ikanyesha mashindano yakiwa yameshapita katikati. Wageni 50 wakakimbilia ndani na viatu vyao kwenye zulia la rangi ya maziwa. Dereva Max Verstappen akashinda, mkuu wa wahudumu akalia.

Tulipanga kuondoka Jumatatu saa 2 asubuhi, kama kila chombo kingine bandarini. Winchi ikavuta nanga ya kushoto, ikaja vizuri. Ya kulia ikaja mita 30 kisha mnyororo ukakaza na omo likainama. Jirani wa kulia, aliyefika siku moja baada yetu, alikuwa ametandika mnyororo wake juu ya wetu, na naye alikuwa bado kitandani na wageni wake. Kwa kawaida anayeingia mwisho ndiye hutoka kwanza. Mimi niliomba saa ya kutoka bila kuangalia nani aliingia baada yetu, na kwa kuwa sikuwa na alama ya mahali nanga ilipoangukia, sikuweza hata kuwaonyesha wazamiaji pa kuanzia. Ilikuwa sikukuu. Wazamiaji wawili walipatikana saa 5, kwa euro 2,400. Walizama, wakarudi, wakasema kuna mnyororo wa tatu ambao si wa yeyote kati yetu. Tuliachia, tukasogea, tukafunga kamba kuuinua mnyororo wa jirani, tukapitisha nanga yetu chini yake. Saa 7 na dakika 40 tukawa huru. Nilikuwa sijala tangu jana yake, na tulikuwa tumewachelewesha wengine watano waliotusubiri tutoke njiani, kila mmoja akiniita kwenye redio kwa lafudhi yake.

Nahodha hakunifokea. Alipoondoka rubani alinipa kalamu akaniambia niandike pale pale, kabla sijalala, kila nilichodhani ambacho hakikuwa kweli. Ziliingia kurasa nne, na nyingi ya hizo ndizo mmesoma.

Januari 2024 faili ile ikarudi mikononi mwangu, bandari ileile, Mei ileile. Kabla ya kugusa fomu ya upana nilituma ujumbe kwa mabaharia wote: nipigieni picha kila ukurasa wa pasipoti wenye muhuri, hata wa zamani. Wa kwanza kujibu alikuwa kijana wa Tanga, ambaye nahodha alimrudisha kazini kwa mkataba mpya. Alituma picha kumi na moja, na chini yake sauti ya sekunde chache, nyuma kuku wanalia: "Kaka, nimezihesabu mwenyewe nazo zote 90 zipo, lakini hesabu na wewe."